Habari za Morisi

Klabu yetu ya historia ilikuwa inatafuta kundi moja la kuongea mbele ya wazazi siku ya mahafali. Kila kundi lilipewa mada yake, na sisi tulipewa Waholanzi waliojenga ngome Morisi, kisiwa cha mbali baharini ambacho kabla yao hakikuwa na wenyeji. Wenzangu wakaniteua mimi. "Wewe ndiye umesoma yote." Kweli nilisoma. Ila mbele za watu sauti yangu hukatika, na nilijua nikikwama tu, kundi letu limetoka.

Siku ya mchujo nikaenda mbele ya darasa. Mwalimu wa klabu, mama mtu mzima, alikaa dawati la nyuma kabisa. Macho yetu yalipokutana, magoti yakashuka yenyewe. Kwetu kijijini Kasansa, sisi Wasukuma tuliohamia huko, msichana hamwamkii mkubwa akiwa wima.

"Shikamoo mwalimu."

Darasa zima kicheko. "Msukuma bwana! Umekuja kufundisha au kutambulishwa ukweni?" alipayuka Mfipa mmoja ambaye hunitania kila siku.

"Marahaba mwanangu," mwalimu akaitikia, hata hakutabasamu. "Habari za huko?"

Hapo ndipo nilipofunguka. Bibi yangu huniuliza hivyohivyo, nami nikiwa nimepiga magoti humweleza yote: mvua, ng'ombe aliyezaa, nani kagombana na nani. Basi nikampa mwalimu habari za Morisi palepale chini. Waholanzi walikata mipingo wakauza. Wakaleta miwa, wakaleta kulungu, wakaleta na watumwa kutoka Madagaska. Panya wakafyeka mazao, vimbunga vikabomoa nyumba. Watumwa nao wakawa wanatorokea msituni. Mwisho Waholanzi wakachoka, wakapanda meli, wakaenda zao.

Nikashtuka kumbe nimeshasimama.

"Kwa hiyo kisiwa kikabaki tupu?" Mfipa akauliza, safari hii bila utani.

"Nani kakwambia? Wapo watoro waliobaki msituni. Wenye ngome walishindwa, wao wakaishi."

Nilipolisema hilo nilimfikiria baba, alivyoswaga ng'ombe kutoka Usukumani na watu wa Kasansa wakamwambia huku hamalizi masika mawili. Sikulitaja. Lakini sauti iliongezeka.

"Nyie ndio mtaongea," mwalimu akasema.

Wenzangu walinirukia karibu waniangushe. Nilijivuna, siwezi kuficha. Nilirudi Shanwe kwa shangazi, ninakokaa nikisoma, nikihutubia barabara nzima peke yangu, na aliyetaka kunishangaa alinishangaa.