Omena Mfukoni, Yai Saa Nne

Kiti kilichoniingiza katika habari za kula vizuri kilikuwa cha plastiki, cha samawati, na kilivunjika katikati ya maombi. Tulikuwa kwenye ibada ya nyumbani hapa Kayole, kwa jirani wa ghorofa ya chini, na sebule ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Mzee wa kanisa alikuwa ameomba kwa muda mrefu, jasho linamtoka, anamsihi Mungu aje katikati yetu.

"Shuka, Bwana!" akasema. "Shuka sasa hivi!"

Nikaitikia amina ya nguvu, nikaegemea nyuma kidogo, kiti kikapasuka kama tairi la lori. Nikashuka mimi.

Kila mtu alikuwa amefumba macho, kwa hiyo waliposikia kile kishindo wakadhani maombi yamejibiwa. Mama mmoja karibu na dirisha akapiga vigelegele. Mzee wa kanisa naye akapata nguvu mpya, akapandisha sauti. Mimi niko sakafuni, miguu juu, kipande cha kiti kimenishika kwenye mfuko wa suruali. Ungeanzia wapi kuwaambia watu wenye furaha kama ile kwamba aliyeshuka ni karani wa godown, ghala la bidhaa? Mke wangu peke yake alifungua jicho moja. Akanitazama pale chini, akalifumba tena, akaendelea kuomba. Nikajua maombi yale sasa yananihusu.

Mke wangu ni fundi wa nguo, ana kibanda chake karibu na Spine Road, na ni yeye aliyekuwa akizipanua suruali zangu mwaka baada ya mwaka. Tulipofika nyumbani hakunifokea. Alichukua ile suruali iliyochanika, akaigeuza ndani nje, akanionyesha mshono.

"Baba Watoto, hapa hakuna kitambaa tena cha kupanulia," akasema. "Nimefika mwisho wa suruali. Twende kliniki."

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole wa uso lakini si wa mdomo. Alinipandisha kwenye mizani, akasoma, akanitazama, akasoma tena. Akanipima presha. Kisha akakaa, akakunja mikono.

"Mzee, asubuhi unakula nini?"

"Chai tu."

"Chai na nini?"

"Chai na mandazi."

"Mandazi mangapi?"

Mke wangu akakohoa.

"Mandazi ya kawaida," nikasema.

"Sijakuuliza tabia yao. Nimeuliza idadi."

Nikaiangalia dari. Muuguzi hakungoja dari inijibie. Akanieleza, bila kunipigia kelele, kwamba hataki nikae njaa, maana njaa itanirudisha kwa mandazi mbio. Alitaka nusu ya sahani yangu iwe mboga, robo iwe kitu cha protini, na robo iliyobaki ndiyo iwe ugali au wali au chapati. Na ile saa nne ninapoanza kutafuta cha kutafuna, nitafune kitu kitakachokaa tumboni hadi mchana: yai la kuchemsha, njugu kiganja kimoja, maharagwe, maziwa lala yaliyoganda, yasiyotiwa sukari, hata omena, wale dagaa wa ziwani.

"Robo ya ugali?" nikauliza, nikiwa na matumaini.

"Robo ya sahani."

"Sahani inaweza kuwa kubwa?"

"Mama," akamwambia mke wangu, "mpeleke nyumbani."

Mke wangu ana tabia moja: akipewa kipimo, anakifuata hadi kwenye uzi wa mwisho. Jioni hiyo hiyo sahani yangu, ile pana ya bati niliyoipenda kama ndugu, ilihamishiwa kwenye kazi ya kuanikia viatu vya watoto. Nikapewa sahani ya udongo iliyochorwa maua. Mboga zilipoingia zikaijaza nusu, kuku kidogo akakaa pembeni, na ugali ukawekwa mahali palipobaki, mdogo, umejikunyata kama mgeni asiyejulikana. Nilikula taratibu kwa sababu niliogopa kuumaliza.

Lakini kazi kubwa ilikuwa ile ya saa nne. Mke wangu alianza kujaribu vitafunio vya kubeba kazini. Alianza na ndengu. Aliziloweka, akazichemsha, akazianika, kisha akazikaanga bila mafuta kwa chumvi na pilipili. Za mara ya kwanza zilitoka ngumu kama kokoto. Nilitafuna moja sebuleni, na jirani wa upande wa pili akagonga ukuta akiuliza kama tunajenga. Za mara ya pili zilikuwa nzuri, nikazipeleka kazini, zikaisha kabla sijafungua kompyuta. Hapo mke wangu akagundua kwamba kitafunio kinatakiwa kupimwa kabla ya kukabidhiwa mtu kama mimi.

Kisha akaja na omena. Mimi ni mtu wa magharibi, wa Kakamega, omena nimekula tangu nikiwa sina meno, lakini kila mara ilikuwa ya mchuzi na ugali. Hii ilikuwa kitu kingine. Aliziosha kwa maji moto, akazikausha kwa kitambaa, akaziweka kwenye kikaango na mafuta kidogo sana, moto mdogo, akizigeuza polepole mpaka zikawa zinavunjika mdomoni kwa mlio. Akanyunyizia ndimu na pilipili ya unga. Nilikula nikiwa nimesimama pale jikoni na nikasahau, kwa mara ya kwanza tangu kliniki, kwamba kuna kitu duniani kinaitwa mandazi.

Basi nikawa mtu wa omena. Kila asubuhi nilipewa kikopo kidogo chenye kifuniko. Tatizo likaja asubuhi moja kifuniko kilipopotea. Nilikuwa nimechelewa, nikazifunga omena kwenye karatasi ya gazeti, nikazitia kwenye mfuko wa koti, nikaondoka.

Godown letu linafuga paka kwa ajili ya panya. Ni paka wa kazi, hawana mazoea na mtu, na kwa miaka niliyofanya kazi pale hakuna aliyewahi hata kunisalimia. Siku hiyo, tulikuwa na kikao na wateja kutoka Mombasa. Nimesimama mbele yao, nasoma hesabu ya bidhaa zilizoko stoo, nikahisi kitu kinanisugua mguuni. Nikaangalia chini. Paka wa kijivu, mkubwa kuliko wote, ananitazama kwa mapenzi.

Nikasogea hatua. Akasogea. Nikaendelea kusoma. Akaja wa pili, mweusi, akakaa kando ya mwenzake. Nikatembea hadi dirishani nikijifanya natafuta mwanga, na nilipogeuka walikuwa wananifuata kwa mstari, na nyuma yao ameongezeka mama paka na kitoto chake.

"Hawa mmewafundisha?" mteja mmoja akauliza.

"Ni wa ulinzi," bosi akajibu, ingawa uso wake ulikuwa na maswali.

Wakati huo yule wa kijivu alikuwa amechoka kungoja. Aliruka juu ya kiti, kutoka kwenye kiti akarukia koti langu, akaning'inia kwa kucha, kichwa chote ndani ya mfuko. Nikaendelea kusoma. Sijui kwa nini. Nadhani nilifikiri nikisoma kwa sauti kubwa zaidi watu hawatamwona.

"Ngoja," bosi akasema. "Una nini mfukoni?"

Maneno yote yalinikimbia, likabaki moja tu la kliniki.

"Protini," nikasema.

Ikabidi niitoe ile karatasi na kuifungua mezani. Harufu ya ndimu na pilipili ikajaa chumba. Mteja wa kwanza akaonja moja kwa heshima. Akaonja ya pili bila heshima. Mwenzake akavuta karatasi kwake. Bosi alisema yeye si mtu wa omena, kisha akaegemea mlango akizila kwa kiganja, akiwasukuma paka kwa mguu. Walipomaliza, karatasi ilikuwa safi na mimi nilikuwa na njaa. Wale wateja wakakubali bei yetu bila kubishana, na bosi akaniambia kesho yake nilete za kutosha watu wote, "na hao paka pia."

Nilikuwa nimeanza kupungua bila kuona, lakini wengine waliona. Shangazi yangu alikutana nami kwenye matanga, akanishika shingo, akaenda kupiga simu. Siku chache baadaye mama yangu akateremka kutoka basi la Kakamega na kuku hai ndani ya kikapu. Hakuketi. Alinisimamisha katikati ya sebule.

"Geuka," akasema. Nikageuka. "Geuka tena. Tumbo la baba yako umelipeleka wapi?"

"Mama, ni chakula tu nimebadilisha."

"Nani anakunyima?"

Aliuliza akiangalia jikoni, kwa sauti ya kusikika jikoni. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi. Mimi nikatafuta mahali pa kusimama ambapo singekuwa katikati yao, na katika nyumba yetu hapapo.

"Karibu, mama," mke wangu akasema. "Ingia uone mwenyewe alichoandikiwa kliniki."

Mama akaingia. Nikasikia vifuniko vya sufuria vikifunguliwa kimoja kimoja. Maharagwe. Kunde. Mayai ya kuchemsha. Njugu za kukaanga. Omena. Kisha nikasikia mama akicheka, kicheko kile cha kushikilia ukuta.

"Hiki ndicho chakula cha daktari?" akaniuliza kutoka jikoni. "Hiki? Si ndicho nilichokulisha wewe ukiwa mdogo, ukalia unagaragara chini kwamba unataka mkate wa dukani?"

Tangu siku hiyo sikuwa na mtetezi. Mama na mke wangu, ambao miaka yote walikuwa wakibishana hata juu ya chumvi, walikubaliana juu yangu. Kuku alichinjwa, mama akaibandua ngozi na kuiweka kwenye sahani yake. "Hii nitakula mimi," akasema. "Mimi viti bado vinanibeba." Aliusonga ugali mkubwa kama tulivyozoea nyumbani, nikaufurahia, kisha akanikatia kipande. Nikaunyoosha mkono tena. Wote wawili wakanitazama. Nikaurudisha mkono, nikachukua kunde.

Mama alirudi Kakamega baada ya wiki kadhaa, na kliniki muuguzi akasema presha imeshuka na niendelee hivyo hivyo. Mke wangu akaanza kuzipunguza suruali, kazi aliyosema ni tamu kuliko ile nyingine. Mama naye akawa ananipigia simu kila siku saa nne kuniuliza kama nimekula yai.

Jumamosi moja alinipigia nikiwa kwenye foleni ya supamaketi. Spika ya sikioni ya simu yangu ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilitumia spika kubwa na kila mazungumzo yalikuwa ya hadhara.

"Mwanangu," mama akasema, na foleni nzima ikamsikia. "Hayo mayai na njugu unayokula kila siku. Unapata choo vizuri?"

Nikatafuta kitufe cha kuzima. Kidole kikateleza, sauti ikapanda.

"Nimekuuliza, unapata choo?"

"Mjibu mama," akasema mwanamke aliyesimama nyuma yangu.

"Si sana, mama," nikasema.

"Kula papai!"

"Na maji mengi," akaongeza mwanamke wa nyuma.

"Na sukuma wiki, lakini usiipike ikafa," akasema mzee mmoja mwenye kikapu cha unga. Keshia naye akasimamisha kazi, akaeleza jinsi kaka yake alivyosaidika kwa maparachichi. Mama, kutoka Kakamega, akawashukuru wote mmoja mmoja na kuuliza wanatoka wapi. Mimi nikaiacha nafasi yangu kwenye foleni, nikarudi upande wa matunda, na simu mkononi bado inaongea na watu.