Mkanda wa Upande wa Wanawake

Nilikuwa kwenye foleni ya pantoni Magogoni nilipopigiwa simu kwamba yule mama wa duka la vifaa vya kompyuta, pale Kariakoo, ametutoka na anazikwa alasiri hiyohiyo. Nikageuza. Jina lake silitaji, maana angenisuta kwa kumtangaza gazetini, ila wateja wake, hasa wanawake, mnamjua.

Mimi nilimjua kwa ajili ya mkanda wa video wa harusi yangu, ule wa upande wa wanawake, uliorekodiwa na mwanamke ili vichwa wazi na viuno vinavyokatika vibaki baina yetu. Ndani yake yumo marehemu mama yangu akiimba na kucheza, na hana video nyingine duniani. Mkanda ulishaanza kuota ukungu. Mafundi wa kuuhamishia kwenye kompyuta walikuwa wanaume mtaa mzima, nami sikuwa tayari kumwanika mama mbele yao.

"Shikamoo," nilimwamkia yule mama dukani kwake, nikamweleza shida yangu.

"Marahaba. Huu haufunguliwi hapa," alisema, akimtupia jicho kaka yake aliyekuwa akihudumia wateja. "Deki ya kuchezeshea mkanda unayo nyumbani?"

"Ninayo."

"Basi nakuja Jumapili."

Akaja kwangu Ilala, akavua baibui, akajiachia kwenye kochi kama yuko kwake. Nilishapakua programu inayosifiwa sana mtandaoni, ile inayobana video hadi faili linakuwa dogo kabisa. Tukaijaribu kwenye kipande cha mwanzo, watu wanakula. Kompyuta yangu ya siku nyingi ikashindwa kulichezesha faili: picha inakwama, sauti inatangulia.

"Utaangalia na nani?" aliniuliza.

"Na dada zangu, kwenye kompyuta hiihii."

"Sasa unabana ya nini, unafunga mizigo ya kuhama? Weka hii programu ya zamani. Faili litakuwa zito, lakini mashine yako haitahangaika. Na tuwahi, mkanda huu usije ukatukatikia."

Mama yangu alipotokea kwenye kompyuta, mdomo na wimbo vilikwenda pamoja. Nililia kwa furaha, na mwenzangu akapiga kigelegele.

Siku hizi harusi huzunguka kwenye simu za watu kabla pilau halijapakuliwa. Hakuichukia teknolojia yule mama, aliiuza. Ila wengi wetu tukichagua programu tunauliza ipi mpya, naye alianza kwa kuuliza nani ataangalia. Swali hilo limenisaidia hata nje ya kompyuta.

Msibani, binti yake alinivuta chumbani akanipa mkanda. Ni wa harusi ya mama yake, upande wa wanawake. Marehemu alihamisha mikanda ya wenzake, wake akawa anausogeza mbele kila wiki.

"Mama mdogo, deki bado unayo?"

"Ipo. Njoo na shangazi zako."

Programu ninayo na najua ipi itafaa. Wewe msomaji mwenye mkanda kabatini, uhamishe sasa, wakati mwenye harusi angalipo. Huu wetu utafunguka vizuri tu, ila hatakuwepo wa kutuambia nani ni nani.