Vijana wa Chama Wenye Mvi

Mwaka jana wakubwa waliamua kuwatuza vijana wa chama waliopigania uhuru. Vijana wenyewe sasa wana mvi na mikongojo, lakini jina hilo halijawatoka. Sherehe ilikuwa uwanjani Ruiru, na mimi nilimleta shosho, mamake mama, kutoka Gatongora, amevaa kofia yake ya kanisani.

Alipokuwa msichana, shosho alisambaza kadi za chama kwa wachumaji kahawa, kutoka Ruiru hadi karibu na Thika. Alizificha ndani ya kiondo, akazifunika kwa viazi vitamu. Aliwahi kukamatwa, akalala kituoni siku mbili, na hakutaja mtu. Kadi yake mwenyewe anayo hadi leo, kwenye mkebe wa majani ya chai.

Getini kila mwanamke alipewa aprini na kuelekezwa nyuma, kwenye sufuria za mukimo. Ndivyo mikutano yetu ilivyo, wanaume wanakaa, wanawake wanapika. Mimi, na digrii yangu na nyumba yangu ya Membley, nilijifunga aprini yangu kabla sijafikiri. Inaniuma mpaka leo.

Shosho aliikataa. Alienda moja kwa moja kwa karani, mwanamume wa makamo aliyekuwa akiandikisha watu wa viti vya mbele.

"Shosho, wamama wako huko nyuma," akamwambia.

"Mimi ni wa chama." Akaweka kadi mezani.

Karani aliitazama, akatabasamu, akaandika. Nilichungulia daftari. Alikuwa ameandika: mjane wa mwanachama.

Nilimsomea shosho, maana macho yake yamechoka. Akagonga daftari kwa kidole.

"Futa hiyo. Siku hizo sikuwa na bwana. Nilikuwa na chama."

"Lakini shosho, hivi ndivyo tumeambiwa tuandike."

"Futa. Mimi niko hapa tu."

Foleni nyuma yetu ilianza kunung'unika. Niliona aibu kidogo, kisha hasira ikaimeza. Karani akafuta, akaandika mwanachama, na shosho akaenda kuketi safu ya kwanza kati ya wazee wawili, kadi mapajani.

Karani alishusha pumzi, akanigeukia.

"Na wewe madam, hebu angalia kama chakula kiko tayari."

Nilifungua aprini, nikamkabidhi aende akaangalie mwenyewe.