Mpaka Uliopita Kwenye Mikorosho

Nilihamishiwa Ruangwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa mpima ardhi. Vijiji viwili upande wa Narung'ombe vilikuwa vimekubaliana mpaka wao upite juu ya mgongo wa kilima. Kazi yetu ilikuwa kuusimika.

Mkuu wangu alikuja na ramani yenye mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko ya ardhi, iliyochorwa na kompyuta. Nilimwambia mistari ile haikupimwa kwa miguu. Kompyuta ilipewa vimo vya nukta zilizoachana karibu urefu wa uwanja wa mpira, ikakisia yaliyo katikati. Tena penye msitu, chombo cha angani kilichopima vimo hivyo kilisoma vilele vya miti badala ya ardhi.

"Mistari imekaa vizuri," alisema. "Tusimike."

Tukasimika mawe ya mpaka. Mstari ukakata shamba la mikorosho la mzee mmoja, nusu ikaangukia kwa majirani. Kesho yake vijana wa kijiji jirani wakaingia na mashoka.

Tulipofika, mikorosho ilikuwa imelala chini na maua yake. Mzee alikuwa amemkata kijana mmoja panga la bega. Wenzake walimwangusha mzee, wakauponda mkono wake wa kulia kwa mipini ya mashoka mpaka mfupa ukatokeza. Nilijilaza juu yake. Mpini ukanipata mdomoni, nikatema damu na jino. Waliendelea kutupiga wote wawili, mbavu na mgongo, hadi mke wa mzee alipojipenyeza katikati yao.

"Miti mmemaliza. Sasa mnataka na mtu?"

Wakarudi nyuma. Baadaye polisi waliwachukua watatu.

Nilipoweza kutembea, nilikipanda kilima kile na darubini ya kupimia, nikapima hatua kwa hatua chini ya miti ya msitu. Mgongo wa kweli ulikuwa mbali, ng'ambo ya shamba. Mikorosho yote ilikuwa ya mzee. Mkuu alisaini vipimo vipya bila kunitazama, mawe yakang'olewa.

Nilimpelekea mzee habari hizo mwenyewe. Alinisikiliza, mkono umefungwa kifuani.

"Kwa hiyo shamba ni langu."

"Lako lote, baba."

"Na miti?"

Mkewe akaniletea uji, kwa kuwa sikuweza kutafuna. Mvua zilipoanza aliotesha ufuta katikati ya visiki, peke yake, kwani mkono wa mumewe haukushika jembe tena.