Ngumi Mbili Mbele ya Soketi

Marafiki, leo mume wangu amepigwa mbele yangu, na sijawahi kumpenda hivi!

Nilimpelekea chapati kazini, shamba la maua hapa Naivasha. Alikuwa akiweka programu mpya kwenye rauta, kwa hivyo intaneti ilikuwa imepotea.

Msimamizi akaingia akifoka. "Zima uwashe!"

"Boss, ukizima katikati inakufa kabisa."

Msimamizi akamkaba kola, akampasua mdomo kwa ngumi. Damu kwenye shati lake la harusi yetu, jamani! Akampiga tena. Mpenzi wangu hakubanduka mbele ya soketi ya rauta.

Programu mpya ikagoma. Mume wangu akarudisha ya zamani aliyokuwa ameihifadhi, mtandao ukarudi.

Nikimpangusa damu nikamuuliza, "Na maisha yako ya zamani, umeyahifadhi pia?"

Akacheka, mdomo ukachanika upya.

"Hayo niliyafuta kanisani nilipokuoa."

Walioolewa, kwa mapenzi haya nitalala kweli?