Jiwe la Mlima wa Kimara

Madereva wa zamani mnawasifu bure. Mie nilikuwa mmoja wao, na nawaambia tulikuwa wauaji. Wapo walioteremka mlima injini imezimwa, ili petroli ya tajiri ibaki waiuze. Wapo waliokaa katikati ya lami kama bwana harusi, wewe ukijitupa porini wanacheka. Ila kilichonichemsha damu ni mawe. Lori likichemka mlimani, breki zenyewe za kubahatisha, unaweka jiwe nyuma ya gurudumu lisirudi. Ukishatia maji unaondoka, jiwe unaliacha palepale. Atakayekuja nyuma, shauri yake.

Aliyezidi kwa tabia hiyo alikuwa mtani wangu, dereva wa Kinyamwezi. Jiwe lake lilinipasulia tairi, nikamfuata kumwambia. Akajibu, "Mzaramo, hiyo zawadi! Hujashukuru bado?" Watu wakacheka. Mie nikamwekea kinyongo.

Miaka hiyo Mwingereza bado anatawala. Shule niliacha darasa la pili, lakini lori lilikuwa langu, nimelinunua kwa kusukuma mkokoteni wa kuni Temeke mpaka mabega yakaota sugu. Siku moja mchana nateremka Kimara na mkaa, kaka wa mke wangu kakaa pembeni yangu. Gurudumu la mbele likapanda jiwe. Usukani ukanitoka mkononi, lori likavaa mti. Upande wa shemeji ukakunjika kama karatasi, na mguu wake ndani. Nilimchomoa kwa kumvuta, yeye akilia kama mbuzi anayechinjwa. Gari lililopita likampeleka hospitali.

Mie sikwenda naye. Nilichomoa hendeli ya kuwashia gari, nikatembea mpaka Ubungo, walikokuwa wakinywa chai madereva. Mtani alikuwa pale na kikombe chake.

"Mtani, mbona mweusi hivyo? Leo umekula mkaa?"

Nikampiga ya taya. Kikombe na meno vikaanguka pamoja. Akainua mkono kujikinga, nikauvunja. Alipokuwa chini nikampiga mbavu, na aliyenishika nikamng'ata bega. Yule chini anatema damu, anasema, "Jiwe gani? Leo mie sijafika Kimara! Natoka Pugu!" Nikampiga tena, kwa uongo wake.

Asubuhi nikarudi kulitazama lori. Jiwe lilikuwa palepale katikati ya lami. Jiwe la matumbawe, kubwa kama nazi iliyofuliwa, upande mmoja lina chokaa. Nikalijua: lilibaki nilipojenga nyumba yangu. Chokaa ile niliipaka kwa mkono wangu. Nilikuwa natembea nalo chini ya kiti cha lori, maana mawe ya njiani siyaamini. Jana yake, wakati wa kupanda kufuata mkaa ule, rejeta ilichemka, nikalikingia gurudumu, nikatia maji, nikaondoka. Nilikuwa na haraka.

Nililibeba mpaka hospitali. Walilazwa chumba kimoja, vitanda vinatazamana. Shemeji mguu ulishakatwa juu ya goti. Mtani kafungwa taya kwa bendeji. Askari alikuwa ameshapita kumhoji, naye kwa kuandika na kuashiria akamwambia ameanguka kutoka juu ya lori. Mtani hampeleki mtani mwenzake mahakamani. Leseni yangu ilipona kwa hilo.

Nikaliweka jiwe kitandani kwake. "Langu," nikasema. "La kwangu mwenyewe."

Akaitazama ile chokaa. Kisha akaniita kwa kidole, niiname. Nikainama. Akalinyanyua jiwe kwa ule mkono mzima, akanipiga nalo mdomoni. Wauguzi wakapiga kelele. Mie nilitema vipande sakafuni, wala sikuinua mkono. Haya mapengo wajukuu wangu husema ni ya uzee, nami nimewaacha waseme.

Mie na yeye baada ya hapo tulitaniana miaka mingi, kila mmoja akimcheka mwenzake anavyotafuna nyama. Shemeji hakunipiga. Siku ile aligeukia ukutani, na mpaka tunamzika hakunisemesha tena.