Waya wa Kijani na Njano

Tangazo la kifo chake lilinifikia Ijumaa asubuhi kwa spika ya msikiti wa mtaani kwetu, Mji Mkongwe, na spika yenyewe ilikuwa inavuma. Muadhini anataja jina la marehemu, na nyuma ya jina kuna mmmm, kama nyuki kaingia ndani ya debe. Nilicheka kwanza, Mungu anisamehe, ndipo nikalia. Maana huyu aliyetutoka alikuwa fundi wa kuunda amplifaya kwa mikono yake, na mvumo kama ule ukimkuta anakula, aliacha sahani akaenda kuutafuta. Nina hakika hata pale alipolazwa akisubiri kukoshwa na kuvishwa sanda alikuwa ananung'unika. Mhariri hataki nitaje jina la mtu humu gazetini, lakini hajanikataza kutaja maduka, na leo nina hesabu na watu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusherehesha harusi. Shule niliiacha darasa la tano, nikabakiwa na sauti. Nilimwendea fundi nyumbani kwake Michenzani, ghorofa ya nne, aniundie amplifaya. Boksi alilikata kutoka mlango wa friji bovu, na ndani akatia transfoma ya chuma nzito kama sufuria la pilau ya shughuli. Tuliishusha ngazi wawili, tukipumzika kila ghorofa. "Fundi, hii jiwe la kaburi," nikamwambia. "Ukitaka nyepesi kanunue mkate wa boflo," akanijibu. Akanionyesha boliti moja, na nyaya zote za ethi, zile za kupeleka umeme ardhini ukipotea njia, zimefungwa hapo. "Hapa ndipo kwa bibi. Wajukuu wote waje kusalimia hapa. Wakianza kukutana wawili wawili vichochoroni, hayo ndiyo majungu, na mvumo unaousikia ni majungu ya umeme." Sikuelewa, nikaitikia.

Nilipoipeleka ukumbini Mbweni ikavuma. Nikampigia simu kwa ukali. Akaniuliza, "Kompyuta yako ya muziki umeichomeka wapi?" Nikamwambia ukuta wa pili. "Basi majungu yanapita kwenye waya wa muziki. Chomeka vyote ukuta mmoja, na ikikataa niletee, nipe wiki." Wiki sina, nina harusi Jumamosi. Nikaenda kwa fundi mwengine, na huyu namtaja: duka lina mlango wa kijani, liko nyuma ya soko la Darajani, na mwenyewe huvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Dakika kumi hazikufika. Akang'oa transfoma akatia pawa saplai ndogo, ile ya kulishia umeme, aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu, na kwenye plagi akaukata waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Kimya. Nikabeba amplifaya kwa mkono mmoja kama kikapu. Kila baraza niliyopita nikatangaza siri: inavuma? Kata ethi. Na fundi wa Michenzani, nikasema, ni mzee wa kubebesha watu vyuma.

Mkosaji wa pili ni mwenye ukumbi, aliyepiga deki sakafu Jumamosi ile ya harusi na wageni wako mlangoni. Nilivua viatu nisiteleze. Ndani ya boksi waya wa umeme ulikuwa umechubuka, unagusa bati, na ethi ya kuupeleka chini haipo tena. Nikashika maikrofoni, nikasema "Mabibi na mabwana," na hapo mkono haukufunguka. Natetemeka, nanguruma. Akina mama wakaamua nimepandwa na shetani, mmoja akanijia na chetezo anifukize. Aliyechomoa plagi ni shangazi wa bwana harusi, na hakuchomoa kuniokoa. Alisema baadaye, "Nlikuwa nataka anyamaze tu." Vidole viwili vya mkono wa kulia mpaka leo haviijui baridi wala moto.

Fundi wa Michenzani alikuja hospitali na mfuko wa machungwa. Akakaa, akamenya moja, akala mwenyewe. Kisha akaniuliza taratibu, "Inavuma?" Nikageukia ukutani. Toka siku ile, nikiwa na safari ya Michenzani, nilizunguka nyuma ya majumba asinione kutoka dirishani kwake.

Nimefikiri sana kwa nini tunaupenda ukimya kiasi hiki. Mtoto akilalamika chakula kina chumvi, tunamnyamazisha yeye, chumvi tunaiacha. Mfanyakazi akisema ngazi imeoza, anahamishwa yeye. Kelele inatuaibisha mbele ya wageni, hatari haituaibishi mpaka itushike mkono.

Basi tulipotoka kuzika nikaenda msikitini kabla ya laasiri. Nilikwisha tayarisha maneno ya kumshambulia aliyeuharibu mtambo ule. Muadhini, mzee wa makamo ya baba yangu, ndiyo kwanza anatoka kutawadha, miguu inachuruzika maji, mkono unakwenda kwenye maikrofoni ya chuma.

"Shikamoo, Maalim. Usishike hiyo."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikachomoa plagi, nikaifungua. Waya wa kijani na njano umekatwa, umezungushiwa tepu. "Nani kakata huu? Niambie, nimwandike gazetini."

"Wewe," akasema Maalim. "Si ulitwambia barazani? Tukakata, ikatulia. Sasa imeanza tena, sijui kwa nini."

Mimi nshakufa mara moja kwa umeme, lakini pale nilikufa vizuri zaidi. Nikaufunga waya mahali pake, nikawasha. Mtambo ukavuma maradufu.

"Umeiharibu," akasema Maalim.

"Naam. Iache ivume. Kesho nitakuja kuyatafuta majungu yalipo. Leo miguu yako ina maji."

Kwa hiyo wakosaji ni watatu: mlango wa kijani, mwenye deki, na mimi, na mimi ndiye niliyesambaza. Wewe uliyenisikiliza barazani, chomoa plagi yako, waya ule urudishwe, na kinachovuma kitafutwe na mwenye subira. Ukikosa fundi niite mimi, nakuja bila malipo.

Maalim aliadhini, na mvumo ukamfuata mpaka mwisho. Nilikaa kwenye ngazi ya msikiti nikasikiliza wote. Uliniuliza hospitali, fundi, na sikukujibu. Inavuma.